Sumaku ya shemeji haitoshi kupima chuma kilicho mwilini

Aprili 2023 fundi mmoja wa kuchomelea mageti mjini Voi aliletwa kwenye kliniki yangu akiwa ameshikwa huku na mkewe, huku na shemeji yake. Alikuwa na umri wa miaka 41. Kiuno kilikuwa kimemuuma kwa majuma mawili, jambo la kawaida kwa mtu anayeinua vyuma kutwa, lakini usiku uliotangulia mambo yalikuwa yamebadilika. Miguu yote miwili ilikuwa imelegea. Sehemu anayokalia ilikuwa na ganzi. Mkojo nao ulikuwa ukitoka kwa shida.

Dalili hizo tatu zikija pamoja, daktari hana wakati wa kupoteza. Kati ya pingili za mgongo kuna visahani laini ambavyo huzuia mifupa isisuguane. Kisahani kimoja cha chini kikichomoka na kurudi nyuma, kinaweza kubana fungu la mishipa ya fahamu inayotawala miguu, kibofu na choo. Mishipa hiyo ikibanwa kwa muda mrefu haipati nafuu kamili hata ikifunguliwa. Mgonjwa wa namna hii anahitaji kupigwa picha ya mashine ya MRI, na ikiwezekana afanyiwe upasuaji ndani ya siku moja au mbili. Nilimwandikia barua siku hiyo hiyo aende Mombasa, mwendo wa kilomita 150 hivi.

Hakwenda. Alirudi kwangu siku ya tatu, kibofu kimejaa hadi karibu na kitovu, na hakuwa na uwezo wa kutoa hata tone. Nilipouliza kulikoni, nilionyeshwa kijiko.

Kijiko cha jikoni

Mwaka 2009 fundi huyu alipata ajali karibu na Maungu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, akavunjika mfupa wa paja. Aliwekewa chuma kirefu ndani ya mfupa. Alipona, akarudi kazini, akasahau. Nilipomwambia kwamba MRI ni mashine ya sumaku, familia ilikumbuka kile chuma, na shemeji akaamua kufanya uchunguzi wake. Alivunja spika ya redio mbovu, akatoa sumaku, akaiweka juu ya paja la mgonjwa. Haikushika kitu. Wakafurahi.

Ndipo mgonjwa alipokumbuka kwamba daktari aliyempasua alimwambia chuma chake ni cha stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Shemeji akaenda jikoni, akachukua kijiko kilichoandikwa mgongoni kwamba ni cha stenlesi, akakisogeza kwenye sumaku. Kikarukia. Basi hesabu ikawa hivi: kijiko ni stenlesi, kimeshikwa, cha mguuni ni stenlesi, kitashikwa, mashine ya Mombasa itaurarua mguu. Wakakaa nyumbani siku tatu wakikandwa mgonjwa kwa maji moto.

Sikumlaumu shemeji, na hata leo simlaumu. Sisi tunaoishi karibu na Kishushe, kunakochimbwa mawe ya chuma, tumezoea kuiamini sumaku. Hata katika maduka ya vyombo utamwona mama akijaribu sufuria kwa sumaku ndogo kabla ya kutoa pesa. Tatizo ni kwamba sumaku hutoa jibu la ndiyo au la, ilhali swali lenyewe si la ndiyo au la.

Stenlesi si chuma kimoja. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alipotengeneza chuma chake mwaka 1913, alichanganya chuma na kromiamu karibu asilimia 13. Kromiamu ndiyo inayofanya utando mwembamba sana juu ya chuma, na utando huo ndio unaozuia kutu. Lakini chuma chake kilishikwa na sumaku vizuri kabisa. Visu vingi, makasi, na hata koleo nyingi tunazotumia katika chumba cha upasuaji ni za jamaa hiyo, kwa kuwa huweza kukolezwa moto zikawa ngumu na zenye makali.

Jamaa ya pili ni ile inayoongezewa nikeli. Nikeli ikitosha, chembe za chuma hujipanga kwa namna nyingine, na chuma hicho hakivutwi na sumaku ila kwa kiasi kidogo mno. Kama una vijiko vizuri nyumbani, vigeuze utazame mgongoni. Ukiona 18/10 au 18/8, nambari ya kwanza ni asilimia ya kromiamu na ya pili ni ya nikeli. Ukiona 18/0, hakuna nikeli, na sumaku itashika. Kijiko cha shemeji kilikuwa 18/0. Chuma ambacho kwa kawaida huwekwa mwilini kina kromiamu asilimia 17 hadi 19, nikeli 13 hadi 15, na molibdenamu kati ya 2.25 na 3, huku kaboni ikiwa haizidi 0.03. Kijiko kile na chuma kile vinafanana jina na mng'aro, basi.

Kuhusu sufuria niseme hili kwa haraka kwa sababu huulizwa mara nyingi. Sumaku ikishika sufuria haina maana kwamba umepunjwa, na isiposhika haina maana kwamba umepata mali safi. Kuna stenlesi ya bei rahisi ambayo sehemu kubwa ya nikeli yake imeondolewa na kuwekwa manganizi. Sumaku haiishiki, lakini hewa ya chumvi ya pwani huitia madoa ya kutu upesi kuliko ile ya 18/8.

Kipimo chenyewe

Wataalamu hawasemi tu kwamba chuma fulani kinashikwa au hakishikwi. Wana nambari inayoonyesha jinsi kitu kinavyoipitisha nguvu ya sumaku na kuikuza. Hewa huhesabiwa kuwa 1. Stenlesi nzuri ya mwilini huwa juu kidogo tu ya 1, kwa kawaida haipiti 1.01. Stenlesi ya 18/8 ikitoka kiwandani ikiwa laini huwa karibu na hapo. Ile isiyo na nikeli hufika mamia, pengine kupita elfu. Kwa hiyo kati ya vyuma viwili vinavyong'aa sawasawa mezani, kimoja kinaweza kukizidi kingine mara elfu.

Nambari hiyo pia haikai mahali pamoja. Chuma cha 18/8 kikikunjwa, kikipigwa nyundo au kikivutwa, baadhi ya chembe zake hubadilika na kuanza kuitikia sumaku. Chukua sumaku uipitishe kwenye sinki la jikoni: katikati huenda isishike, lakini kwenye kona zilizokunjwa utaihisi ikivuta. Mahali palipochomelewa pia huwa hivyo. Fundi wangu mwenyewe alilijua hilo, ila hakuwahi kuulizwa. Chuma cha mwilini huwekewa nikeli nyingi hivyo kwa sababu hii pia, kwamba hata kikinyooshwa na kukazwa kiwandani kibaki kilivyo.

Kuna vyombo vidogo vya kushika mkononi vya kupimia nambari hii. Nilivionja mara moja mjini Nairobi, katika mafunzo ya siku mbili, kwa mhandisi anayetunza mashine za MRI. Cha kwanza ni kijisanduku kinachoingia mfukoni. Ndani yake mna sumaku ndogo iliyotundikwa kwenye mkono unaocheza kama mizani. Upande mmoja unafunga kipande cha chuma ambacho nambari yake inajulikana, tuseme 1.05. Upande wa pili unagusisha chuma unachotaka kupima. Sumaku ikikifuata chuma chako ikaachana na kile kipande, chuma chako kimezidi 1.05. Isipokifuata, hakijafika. Unabadilisha vipande mpaka ujue chuma chako kiko kati ya nambari ipi na ipi. Hakina betri wala kioo, na kinafanya kazi miaka nenda miaka rudi.

Cha pili ni cha umeme. Kina kifimbo ambacho nchani mwake mna sumaku, na karibu yake vihisio vinavyotambua jinsi nguvu ya sumaku hiyo inavyopindishwa na chuma kilicho mbele yake. Nambari inatokea kwenye kioo, na vipo vinavyosoma kuanzia 1.001 hadi karibu 2. Kabla ya kupima, unakielekeza hewani kisome 1, halafu unakigusisha kwenye kipande cha kulinganishia ili uhakikishe hakidanganyi. Mhandisi alituruhusu tujaribu vitu vya hospitali. Sahani yenye umbo la figo, ile tunayowekea pamba chafu, ilisoma chini ya 1.02 kwenye kitako chake bapa. Kwenye ukingo uliokunjwa ikapanda sana. Makasi yalipita mwisho wa kipimo mara moja. Chombo chenyewe kilikuwa kizuri, lakini mwenzetu mmoja alikitumia akiwa ameegemeza sahani kwenye meza ya chuma, na kikampa nambari ya meza.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa vyombo hivi, na ndipo ninapotaka msomaji atulie. Chombo cha kupimia lazima kiguse chuma. Kinataka mahali bapa, penye unene wa kutosha, mbali na vyuma vingine. Ukikiweka juu ya skrubu nyembamba kitasoma chini ya ukweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile kinachokiona ni hewa. Na hakioni kitu kupitia ngozi, mafuta na nyama ya paja. Nguvu ya sumaku ndogo hupungua vibaya kadiri unavyoisogeza mbali: ukiongeza umbali mara mbili, mvuto wake kwa kipande cha chuma waweza kupungua mara kumi na zaidi. Kwa hiyo sumaku ya shemeji kukaa kimya juu ya paja hakukuwa na maana yoyote. Ingekaa kimya hata kama ndani mngekuwa na msumari wa kawaida wa seremala.

Mashine ya MRI haikai kimya. Nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 40,000 ya sumaku ya dunia hapa Kenya, na sumaku hiyo haizimwi usiku wala Jumapili. Mwaka 2001 katika jimbo la New York, Marekani, mtungi wa oksijeni uliingizwa kwenye chumba hicho kwa makosa, ukaruka na kumwua mtoto wa miaka sita aliyekuwa ndani ya mashine. Mjini Mumbai, India, mwaka 2018, mtu aliyeingia na mtungi kama huo alivutwa nao akafa. Kwenye milango ya vyumba vingine siku hizi kuna vifaa vinavyolia vikihisi chuma cha kuvutwa na sumaku, na vingine ni vya kushika mkononi. Ni msaada mzuri kwa funguo na visu vilivyosahaulika mfukoni. Havichukui nafasi ya maswali unayoulizwa.

Karatasi ndiyo kipimo

Basi chuma kilichokwisha kuwekwa mwilini kinapimwaje? Kilipimwa kabla hakijaingia. Kiwanda kilijaribu chuma hicho kikiwa mezani, kikaandika jina, aina na nambari yake, na maandishi hayo yakaja na pakiti mpaka chumba cha upasuaji. Baada ya hapo kinachoweza kukuokoa ni karatasi.

Mwaka 1992 huko Marekani mgonjwa mmoja alikuwa na kibanio kidogo cha chuma kichwani, kilichowekwa zamani kufunga mshipa wa damu uliovimba. Maelezo yaliyofikia chumba cha MRI yalisema kibanio ni cha aina isiyovutwa na sumaku. Maelezo hayakuwa sahihi, kilikuwa cha aina nyingine. Kiligeuka, kikachana mshipa, na mgonjwa akafa. Vibanio vilivyoonekana kufanana kwa umbo havikuwa kitu kimoja.

Chuma cha mfupani ni afadhali, kwa sababu kimekazwa na skrubu na mfupa umekishika. Vyuma vingi vya kuunga mifupa, viwe vya stenlesi ya mwilini au vya titani, huruhusiwa kuingia kwenye mashine ya tesla 1.5 kwa masharti. Masharti yenyewe ni kwa sababu kuna mambo mengine zaidi ya kuvutwa. Chuma kirefu kinaweza kupata joto kutokana na mawimbi ya mashine, na stenlesi huharibu picha ya sehemu iliyo karibu nayo kuliko titani inavyofanya. Ukipewa kadi ya chuma chako, tafuta alama: mraba wa kijani ni salama, pembetatu ya manjano ni kwa masharti yaliyoandikwa, duara jekundu ni marufuku. Vyuma vya nje ya mguu, vile vyenye pini zilizopenya ngozi, vinahitaji uangalifu zaidi, na mwenye mashine ya moyo aseme kabla hajafika mlangoni.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja tu. Katika Kaunti ya Taita Taveta, yenye mbuga ya Tsavo na historia ndefu ya ujangili, nimewahi kutibu zaidi ya mtu mmoja anayetembea na risasi mwilini. Risasi nyingi ni za madini ya risasi yaliyofunikwa shaba, hizo hazivutwi. Lakini zile za bunduki ya AK-47 aghalabu huwa na kiini cha chuma. Ukiwa na mojawapo, iwe uliipata ukiwa askari wa wanyama au kwa namna usiyopenda kusimulia, mwambie mtaalamu wa picha. Hatakuuliza ulikuwa wapi usiku huo.

Tukirudi kwa fundi wetu. Nilimwekea mpira wa mkojo, nikapata gari, akaondoka mchana huo huo pamoja na mkewe. Hospitalini Mombasa walitazama eksirei ya paja, wakapiga simu kule alikopasuliwa mwaka 2009, na daftari la chumba cha upasuaji likapatikana. Chuma kilikuwa cha stenlesi ya mwilini, aina iliyojulikana. Mguu haukuwa tatizo tena.

Kilichowasimamisha kilikuwa swali jingine kwenye fomu: je, umewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni? Fundi alikuwa ametumia mashine ya kusagia kwa miaka kumi na miwili, miwani ya kinga akiivaa siku za mkaguzi tu. Alikumbuka siku ambayo cheche ilimwingia jicho la kushoto na mwenzake akaitoa kwa ncha ya kitambaa. Kama ilitoka yote, hakuna aliyejua. Chembe kama hiyo ni ya chuma cha kawaida, si stenlesi ya nikeli, na haikukazwa na mfupa. Tangu mwaka 1986 kuna taarifa katika vitabu vyetu ya mfua mabati aliyevuja damu ndani ya jicho baada ya kuingia MRI akiwa na chembe asiyoijua. Familia nzima ilikuwa imepima paja kwa sumaku, na hakuna aliyefikiria jicho. Walimpiga eksirei ya macho kwanza. Ilikuwa safi.

Picha ya mgongo ilionyesha kisahani kilichochomoka, kama nilivyohofia, na alipasuliwa usiku ule. Miguu imerudi. Anasimama, anatembea, amerudi kuchomelea ingawa haichukui tena mizigo mizito. Mkojo haujarudi sawasawa. Inambidi atumie mpira mdogo mara nne kwa siku, na madaktari wa Mombasa walimwambia kwamba zile siku tatu zilichangia.

Alipokuja kunionyesha barua ya kutoka hospitali, mkewe alikuwa ametengenezesha nakala ya ukurasa wa lile daftari la mwaka 2009. Ameifunika plastiki, imekaa pamoja na kitambulisho chake. Shemeji naye alikuwepo. Aliniuliza kama ingewezekana kupata moja ya kile kijisanduku cha mizani. Nikamwambia aanze na miwani ya kinga, dukani Voi zipo.